Kimya changu na namba 1199

Ile makala ya Python niliyoahidi mwezi wa tatu haijatoka hadi leo, na wengine mmeuliza kama nimepata kazi Nairobi. Hapana. Niko hapa hapa Msambweni. Nilikuwa naumwa, na ugonjwa wenyewe sikujua niuite nini.

Nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta hadi saa tisa za usiku bila kuandika mstari hata mmoja. Mteja akituma barua pepe, naifunga bila kuisoma. Chakula kikawa hakina ladha. Siku moja Mama aliniangalia akasema, "Mwanangu, una mawazo wewe." Nikamkatiza: nimechoka tu. Usiku ule ule nikajikuta nawaza kwamba afadhali nisiamke.

Nikafanya ninachofanya kila programu inapokataa: nikatafuta kwenye Google, kwa Kiingereza. Nilipata wanasaikolojia wa Nairobi na Mombasa, saa moja kwa bei ya intaneti yangu ya mwezi mzima. Nikapata pia PHQ-9, ambayo haina malipo. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na ukifika 10 inafaa umwone mtaalamu. Nikaandika kiprogramu cha kujumlisha (ndivyo tulivyo sisi!). Kikaniambia 17. Lakini swali la 9, linalohusu kutamani kufa, halingoji jumla. Ukijibu chochote zaidi ya sifuri, zungumza na mtu siku hiyo hiyo.

Mimi sikuzungumza. Niliogopa polisi. Tangu utotoni nilisikia kwamba aliyejaribu kujiua hushtakiwa, na kweli kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya hilo kuwa kosa. Kumbe Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Tena hata kabla ya hapo, kuwa na wazo tu hakukuwa kosa. Nilikuwa natembea na hofu ya toleo la zamani.

Basi nikapiga 1199, namba ya ushauri nasaha ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Haikati kredi, na mimi sikuwa nayo. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya Kiingereza, lakini aliyepokea aliniuliza tu, "Pole kaka. Leo umekula?" Koo likaniziba. Nikasema kwa Kiswahili: nina mawazo, silali. Akanisikiliza bila haraka, kisha akauliza hospitali ya serikali iliyo karibu ni ipi. Ninapita mbele yake kila nikienda sokoni! Kesho yake nikaenda hospitali ya rufaa hapa Msambweni, nikarudia maneno yale yale. Muuguzi hakushangaa. Alivuta kiti, akasikiliza, akaniandikia siku ya kurudi.

Baadaye nilisoma kuhusu Friendship Bench ya Zimbabwe, iliyoanzishwa mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda mjini Harare. Akina nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nikamkumbuka Mama. Alikuwa amenipa jina la ugonjwa bure, nami nikaenda kulitafuta kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usingoje kujua neno la kitaalamu. Kama unawaza mno na hulali, sema hivyo hivyo. Piga 1199, au Befrienders Kenya 0722 178 177. Kwa watoto kuna 116. Au nenda hospitali ya serikali iliyo karibu nawe na uulize mshauri nasaha.

Mimi bado nahudhuria, kila wiki mbili. Makala ya Python inakuja, polepole. Jana niliandika mistari 12.