Chole, Kisiwa Kinachofuata Maji

Anayekwenda kisiwa cha Mafia kwa mfuko wa kawaida hapandi ndege. Anaamkia Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, anatafuta basi la Nyamisati, anashika barabara ya Kilwa kupitia Mkuranga hadi Bungu, kisha anakata kushoto na kupita katikati ya mikorosho mpaka ukingoni mwa delta ya Rufiji. Ndivyo nilivyokwenda mimi, mwezi wa Novemba, begi mgongoni. Nimezaliwa Njombe, kwenye baridi na miti ya mbao, na bahari nilikuwa nimeiona Dar es Salaam tu, nikiwa nimesimama mchangani.

Nyamisati boti husubiri maji. Abiria tuliketi juu ya magunia na ndoo, watoto wakalala, wauza chai wakapita na birika zao, na hakuna aliyelalamika. Maji yalipojaa tukaitwa, na chombo kikaanza kupita polepole kati ya kuta mbili za mikoko. Ndani ya delta hii ndimo ilimojificha Königsberg, manowari ya Wajerumani, mwaka 1914. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915 ili wapate kituo cha kuiwinda, na ndege zilizoruka kutoka kisiwani ndizo zilizoelekeza mizinga yao hadi ilipoangamizwa Julai mwaka huo. Ukiyaona mapito yale yanavyogawanyika na kupotelea kwenye majani, unaelewa kwa nini kuimaliza kulichukua muda mrefu hivyo.

Mikoko ilipokwisha, mawimbi yakaanza. Mama aliyeketi karibu nami aliniona nimeshika kichwa, akanikatia kipande cha tangawizi. “Mwanangu, tazama kule mbali, usitazame maji.” Nikatii, na tumbo likatulia.

Kilindoni, makao makuu ya wilaya, nilipita bila kukaa: harufu ya dagaa waliokaushwa, bodaboda, maduka ya vitenge. Bajaji ikanipeleka upande wa pili wa kisiwa, Utende, ambako unalipa ada ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na inachukua kilomita za mraba 822 za matumbawe, mikoko, majani ya bahari na vijiji vya watu. Niliilipa ada ile kwa moyo mweupe. Uvuvi wa baruti uliwahi kuvunja matumbawe mengi katika pwani yetu, na mahali panapolindwa panahitaji walinzi wenye mafuta kwenye boti.

Chole, kisiwa nilichokuwa nikikiendea, iko mbele ya Utende, karibu kiasi kwamba unaiona minazi yake mmojammoja. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, na mashua ilikuwa imeegeshwa mbali. Tukavua viatu, tukainua mizigo kichwani, tukatembea katika maji ya magotini, nahodha akituonyesha pa kukanyaga ili tusichomwe na miiba ya baharini. Dakika chache za tanga, na nikawa kisiwani.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja, chenye chandarua na dirisha la kuelekea mikoko. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekula?” Kabla sijajibu, mjukuu wake alishatumwa kuchota maji ya kuoga. Chole haina gari hata moja. Njia zake ni za mchanga, zinapita chini ya miembe, na asubuhi moja inatosha kukizunguka kisiwa kizima kwa miguu. Nilikuwa nimekuja na orodha ndefu ya vitu vya kufanya. Bibi aliposikia nataka kwenda kisiwa jirani cha Juani siku iliyofuata, aliniambia tu, “Kesho maji hayakupi nafasi mpaka alasiri,” akaendelea kusuka ukili wake.

Nadhani hapo ndipo mapumziko yangu yalipoanza. Mjini kila jambo ninaamua mimi: nitoke saa ngapi, nipite njia ipi, nimjibu nani kwanza. Chole maji yakijaa mashua zinaondoka, yakipwa kina mama wanashuka na vijiti kutafuta pweza kwenye miamba, na katikati ya hayo watu wanaswali, wanakula, wanakaa barazani. Mgeni anaingia tu katika mpango uliokwisha pangwa. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nianze kazi.

Muda wangu mwingi niliumalizia pwani, kwa mafundi wa vyombo. Palikuwa na jahazi limesimamishwa kwenye magogo, mataruma yake yakionekana kwa ndani kama mbavu. Fundi mkuu, mzee mwenye kofia ya vito, alikuwa akitia kalafati. Alichukua nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, akazisokota juu ya paja hadi zikawa kamba nyembamba, akaiweka kwenye upenyo kati ya mbao mbili, kisha akaishindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo baada ya pigo, bila kuruka hata sehemu ya upana wa kidole. Alikuwa akisikiliza. Pamba ikikaa sawasawa, mlio wa nyundo hubadilika na kuwa mzito. Nilipomuuliza michoro ya jahazi iko wapi, alinionyesha jicho lake. Kazi ile ni elimu kamili, na ningefurahi kuona vyuo vyetu vya ufundi vikiwaita wazee hawa wafundishe wangali hai.

Nyuma ya kijiji kuna magofu ya Wajerumani. Chole ndiko walikoweka utawala wao wa Mafia, hadi mwaka 1913 walipohamia Kilindoni kutafuta maegesho bora ya meli kubwa. Sasa mizizi ya mikuyu imezikumbatia kuta za mawe, na ukitazama kwa makini huoni tena ni mti unaoshika ukuta au ukuta unaoshika mti. Hatua chache mbele ni miembe wanakolala popo wakubwa, mamia, wamejifunika mbawa mchana kutwa wakigombana kwa kelele. Hawa ni ndugu wa popo wa Komoro, na jenasi yao haipatikani kabisa bara la Afrika. Magharibi ikiingia wanaruka kuelekea Mafia kubwa kutafuta matunda. Kijijini hakuna anayewarushia jiwe, na watoto ndio wa kwanza kumwambia mgeni asipige makelele chini ya miti yao.

Usiku bibi alipika wali wa nazi na changu wa kupaka, tukala sinia moja na wajukuu. Papa potwe, ambao wageni wengi huwafuata Mafia, nilimwona mmoja siku ya kurudi, karibu na Kilindoni: samaki mrefu kuliko mashua yetu, madoa meupe mgongoni, kinywa wazi akichuja vijidudu vya baharini, hana haja na mtu. Nahodha alizima mashine mapema na kukataza yeyote kumgusa. Alifanya vyema.

Ndugu msomaji, Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na nauli ya basi na boti mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu. Papa potwe hukaribia ufuko wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Beba fedha taslimu, vaa nguo za heshima kijijini, lala kwenye nyumba za wenyeji ili fedha yako ibaki kwao, na usipange siku ya kurudi kwa kubana. Vijana wa bara hasa, msiwaachie wageni wa ng’ambo peke yao visiwa hivi. Nendeni mkavione.