Kupima Sukari: Mara Ngapi Zatosha?



Tangu mavyaa wangu alipoambiwa mwaka juzi kwamba ana kisukari, akina mama wenzangu wa hapa Bondeni, Nakuru, wameniuliza swali moja kuliko mengine yote: apime mara ngapi? Hawaulizi ale nini, kwani kuhusu hilo kila jirani ana fatwa yake. Wauliza habari ya kupima kwa sababu vijiti vya mashine ni ghali, kidole chauma, na nyumba nyingi za mji huu zategemea mshahara wa mtu mmoja.

Mwezi wa kwanza wifi yangu, ampendaye mamake kupita kiasi, alimdunga mara nne kwa siku. Kasha lina vijiti 50. Siku ya kumi na tatu likawa tupu. Kwa kuwa pesa ya kasha la pili haikuwapo, tukashika njia ya zahanati moja ya karibu: kwenda mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, kutolewa tone la damu na kusomewa nambari. 6.4. 6.6. 6.5. Kila mara aliambiwa yu sawa, arudi mwezi ujao. Na huku nyayo zikimwaka moto usiku, na kiu haikatiki, na kuamka kwenda msalani mara tatu.

Daktari wa kliniki ya kisukari aliposikia hayo, aliagiza kipimo ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja: HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Sukari iliyomo katika damu hushikamana na himoglobini ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kiasi cha siku 120. Basi kipimo hiki chaeleza wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita, wala hakihitaji mtu kushinda na njaa. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa wazee dhaifu huruhusiwa kuzidi kidogo. Mavyaa alikuwa na 8.1.

Nambari za asubuhi hazikuwa za uongo. Zilieleza saa moja ya siku tu, na siku ina saa ishirini na nne.

Hapo ndipo tulipofunzwa kupima kwa jozi: mara moja kabla ya mlo, na tena saa mbili baada ya kuanza kula, siku tatu kwa wiki, leo chai ya asubuhi, siku nyingine chakula cha mchana, nyingine cha usiku. Ni vijiti sita kwa wiki, na kasha lafika karibu miezi miwili. Wiki ya pili daftari lilikuwa limekwisha sema. Ugali kidogo kwa sukuma na samaki ulimwacha kwenye 9. Mahamri matatu na chai ya maziwa yenye sukari yalimtoa 6.5 hadi 14. Viazi vya Molo, ambavyo sisi tuliotoka pwani twavihesabu kuwa mboga, navyo vilimpandisha. Mahamri yakahamia Ijumaa, moja tu, na daktari akaongeza kiasi cha metformin. Baada ya miezi mitatu kipimo kilikuwa 7.3, kisha 6.9. Sasa hali imetulia, hupimwa HbA1c kila miezi sita. Matibabu yakibadilika, au lengo lisipofikiwa, ni kila miezi mitatu. Macho, figo na miguu ni kila mwaka, hata kama haoni tatizo.

Kwa hiyo nikiulizwa, nami huuliza: ukiiona nambari, utafanya nini? Anayejidunga insulini mara kadhaa kwa siku hukadiria dozi kwa nambari hiyo; yeye hupima kabla ya milo na kabla ya kulala, na hapo si pa kubania vijiti. Anayemeza glibenclamide naye awe macho, kwani dawa hiyo yaweza kuishusha sukari mno. Mama mjamzito mwenye kisukari hupima kila siku, na akishajifungua arudi kupimwa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Wengi hawarudi, kwani macho yote yako kwa mtoto. Na mwenye siko seli, upungufu wa damu au aliyeongezwa damu karibuni amweleze daktari, maana HbA1c yaweza kumdanganya.

Kidogo juu ya kudunga: asubuhi za baridi ya huku juu kidole hakitoi damu. Kioshe kwa maji ya vuguvugu, ukikaushe, udunge ubavuni mwa ncha. Aliyeshika tende asipime kabla ya kunawa. Mashine itaisoma tende.

Mwaka huu mavyaa alitaka kufunga. Tulimpeleka kwa daktari mapema, wiki saba kabla ya Ramadhani, wala si usiku wa kuandama mwezi. Wanazuoni wengi wamesema tone la damu la kidole halibatilishi saumu, nalo lilimtuliza. Alipewa ruhusa kwa masharti: apime adhuhuri, alasiri, na saa mbili baada ya futari, na wakati wowote akijihisi vibaya. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Siku ya tisa, saa kumi na moja jioni, ilisoma 3.7. Alinitazama, akainyosha mkono kwenye sahani ya tende iliyokuwa imeandaliwa futari, akala. Siku hiyo ameiandika katika daftari lilelile la sukari, ukurasa wa nyuma, pamoja na siku za kulipa.