Boksi Juu ya Kioo: Kwenda Skye na Mama

Magari mengi ya familia tunayonunua huku Uingereza siku hizi yana kioo kwenye paa. Mengine yana kidirisha kidogo juu ya dereva, mengine kioo kinaanzia mbele na kuishia juu ya viti vya nyuma. Wamarekani wanaliita paa la mwezi, jina ambalo kampuni ya Ford ililitumia mwaka 1973 kwenye Lincoln Continental Mark IV. Mimi nalipenda kuliko hili la Waingereza la paa la jua, maana jua lenyewe huku tunalisikia tu.

Watoto wanakipenda kioo hicho. Taabu inaanza likizo ya Agosti ikifika na familia ikataka kufunga keria na boksi la mizigo juu. Nimeshaambiwa kwenye harusi mbili na kikundi kimoja cha WhatsApp kwamba gari la kioo halifungwi keria, kioo kitapasuka. Kwa magari mengi si kweli, lakini pia si jambo la kufunga kiholela, na kwetu mwaka jana lilikuwa ndilo linaloamua kama Mama atasafiri nasi au atabaki nyumbani.

Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu, kwa hiyo kila tunapokwenda, kiti chake cha magurudumu kinakwenda pia. Sisi tuko wanne, yeye wa tano, na gari letu lina viti vitano. Kiti kikikunjwa kinakula zaidi ya nusu ya buti. Tulikuwa tumekodi nyumba ndogo kisiwani Skye, kaskazini magharibi ya Uskoti, kwa wiki nzima, na huko Agosti unabeba nguo za mvua na za baridi pamoja na chakula, maana nyama ya halali huipati kila kijiji. Mama alitutazama tukipima buti kwa macho, akasema, “Nendeni tu mwanangu, mimi nitawalindia nyumba.” Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Mtu hatoki Tanga kuja kulinda nyumba Milton Keynes.

Baba watoto alikuwa na hofu ya kioo. Aliyemtuliza ni jirani yetu, kaka mmoja kutoka Bukavu aliyefanya kazi ya gereji miaka mingi. Alifika na kabla hajagusa chochote akauliza, “Mama, iko wapi kitabu ya motokari?” Kikatolewa kwenye kisanduku cha dashibodi, bado kiko kwenye nailoni yake.

Mambo aliyotuonyesha ni rahisi kuyaelewa. Keria ikifungwa sawasawa haikikalii kioo. Vile vyuma viwili vinavyokatiza paa, kutoka kushoto kwenda kulia, vinashikilia reli za pembeni, au kama gari halina reli, vinabana kwenye kingo za chuma juu ya milango au kwenye matundu maalumu aliyoyaacha mtengenezaji. Uzito unashukia huko, kwenye chuma, na kioo kinabaki na uzito wake chenyewe. Ndiyo maana vyuma vinanunuliwa kwa aina ya gari, mwaka wake na aina ya paa lake. Duka likikuuzia bila kukuuliza hayo matatu, nenda duka jingine. Na vile vya bei rahisi vinavyodaiwa kuingia gari lolote, mimi kwenye gari la kioo siviamini hata kidogo.

Kisha kuna namna kioo kinavyofunguka. Kuna kinachoteleza kwa ndani, kikajificha kati ya paa na kitambaa cha dari. Hicho hakina ugomvi na keria. Kuna kinachoinuka nyuma kidogo ili hewa itoke. Hicho kinaweza kugonga boksi kwa chini, au zile bolti za boksi zinazoning’inia chini ya chuma. Na kuna kinachoinuka kikateleza nje, juu ya paa lenyewe. Chetu ni cha aina hiyo. Chuma cha keria kikiwa juu, kioo hakina pa kupita, na mtoto akibonyeza kitufe mota itakisukuma kioo kwenye chuma. Tulibandika utepe mzito juu ya kitufe, na kila mmoja akaambiwa, Bibi pia.

Magari mengine kitabu chake kinakataa keria kabisa ikiwa paa ni la kioo, au kinapunguza uzito unaoruhusiwa. Hapo hakuna ujanja. Unatafuta boksi la kufungwa nyuma kwenye ndoano ya kuvutia tela, au unakodi gari kubwa zaidi.

Letu lilikubali: kilo 75. Namba hii ndiyo watu wengi wanaisoma vibaya. Kilo 75 si za mabegi. Ni za kila kitu kilicho juu ya paa gari likitembea: vyuma, boksi, na kilichomo. Vyuma vyetu vilikuwa kilo 6, boksi kilo 18. Zikabaki 51. Hapo nikaenda kabatini kutoa ile mizani ya kuning’iniza ambayo kila nyumba ya Mswahili ughaibuni inayo, ya kupimia mabegi ya kwenda nayo Dar yasizidi kilo 23. Tulipima begi moja moja sebuleni, watoto wanasoma namba kwa sauti kama wako uwanja wa ndege. Mabegi manne ya nguo yakafika kilo 40, mablanketi mawili na makoti ya mvua kilo 6. Mchele, mafuta ya kupikia, maji na sufuria nzito vikaenda chini, kwenye buti na miguuni. Mama alitaka kinu chake kidogo cha mbao kipande juu kwa sababu “hakina kazi njiani.” Kikakaa chini, nyuma ya kiti changu. Kitu kizito kikiwa juu kinafanya gari liyumbe kwenye kona, na ukikanyaga breki ghafla kinasukuma mbele kwa nguvu zake zote.

Kufunga kwenyewe kulichukua saa nzima ya asubuhi. Kaka wa Bukavu alipima umbali kati ya chuma na chuma kwa futi, kwa kufuata karatasi ya keria na ya boksi, si kwa kukisia. Akakaza kwa spana yenye kipimo, akieleza kwamba kulegeza ni hatari na kukaza kupita kiasi ni hatari pia, kwa sababu kunapinda reli. Alipopandisha boksi na baba watoto hawakulilaza kwenye kioo hata sekunde moja; walitandika blanketi kwanza, wakashuka nalo taratibu juu ya vyuma. Halafu kabla ya kukaza bolti za boksi alifanya jambo ambalo nisingelifikiria: alifungua mlango wa buti mpaka juu. Uligusa boksi. Akalisogeza mbele kidogo, akafungua tena, ukapita. Kwa familia nyingine hilo ni kero ndogo. Kwetu, buti lisilofunguka lote lingemaanisha kiti cha Mama hakitoki.

Alipomaliza alikataa pesa, akakubali sambusa.

Nikapima kimo cha gari na boksi lake: mita 2.17. Nikaandika kwa kalamu nene na kubandika mbele ya usukani, kwa mita na kwa futi pia, maana vibao vya huku vinatumia vyote viwili. Maegesho mengi ya ghorofa na ya chini ya ardhi huku mwisho wake ni mita 2 au zaidi kidogo. Gari la kuoshea kwa mashine tulilisahau kwa wiki mbili. Wenzetu mnaovuka kwenda Ufaransa kwa treni ya chini ya bahari mjue kuwa gari lililozidi mita 1.85 linapangiwa mabehewa ya magari marefu, kwa hiyo boksi litajwe mapema wakati wa kukata tiketi. Na watu wa bima tuliwapigia simu kabla ya kuondoka, kwa sababu wengine wanataka kujulishwa.

Tulitoka Ijumaa alfajiri kwa M1, tukaingia M6 pale Catthorpe. Kilomita kama 50 za mwanzo tukasimama kituo cha mapumziko, baba watoto akapita na spana kila bolti. Moja ilikubali nusu mzunguko, nyingine zote kimya. Upepo wa tairi ulikuwa umeshajazwa kwa kipimo cha gari lililojaa, kile kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango.

Baada ya Lancaster barabara inaanza kupanda, na karibu na Shap M6 inafika sehemu yake ya juu kabisa, zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Upepo unakuja wa ubavuni. Gari lenye boksi unalisikia likivutwa, na juu palianza mluzi. “Mbona linapiga mluzi?” akauliza Mama. Baba watoto akapunguza mwendo hadi maili 60, mluzi ukafa. Boksi letu linaruhusiwa kilomita 130 kwa saa na sheria ya huku ni maili 70, yaani kama kilomita 112, lakini ruhusa si amri. Mafuta nayo yalikwenda upesi kuliko kawaida yetu.

Tulilala Carlisle. Asubuhi tukavuka mpaka Gretna, tukapita Glasgow, tukashika A82 kando ya ziwa Loch Lomond. Baada ya Tarbet njia ni nyembamba mno, mwamba upande huu na maji upande ule, na basi la watalii likitokea kila mtu anavuta pumzi. Halafu miti inaisha ghafla na unatokea Rannoch Moor, uwanda wa majani ya rangi ya kutu na vidimbwi visivyo na idadi, bila nyumba. Mama alinyamaza kabisa. Tulipoingia Glencoe, milima imekaa pande zote mbili na ukungu umeshuka hadi mabegani mwake, akasema, “Hii Lushoto, wameondoa migomba.”

Watoto walilalamika kwamba hawaoni vilele kwa sababu boksi limeziba kioo. Ni kweli. Ukifunga boksi juu ya kioo, anga umeiweka rehani. Tulisimama kwenye maegesho ya watazamaji, buti likafunguka lote, kiti kikatoka, na Mama akaviona vilele vyote akiwa amejifunga shuka la kimasai juu ya koti, Wazungu wakimpisha.

Daraja la Skye tulilivuka alasiri. Lilifunguliwa mwaka 1995 na kwa miaka tisa watu walilipishwa kulivuka, wenyeji wakagoma na kushtakiwa mpaka malipo yakafutwa mwaka 2004. Upepo ukizidi, magari marefu yanazuiwa. Siku hiyo ulikuwa shwari. Mama, ambaye ameshasubiri kivuko cha Pangani tangu usichana wake, alitaka hadithi ile ya mgomo irudiwe mara mbili.

Jioni ya kwanza tulilishusha boksi. Kazi ya dakika 15 kwa watu wawili, vyuma tukaviacha. Siku ya tatu mawingu yakaondoka. Baada ya chakula cha usiku Mama akaomba akae garini, kiti cha mbele kimelazwa nyuma. Nikavuta pazia la kioo, na mwezi ulikuwa umetokea juu ya milima. Kioo hatukukifungua, kwa sababu ya vyuma, na hata bila vyuma tusingethubutu: visubi vya Skye mwezi wa Agosti havina huruma. Akakaa humo hadi saa tano usiku, milango imefungwa, akigonga dirisha mara moja tu kuomba aongezewe chai.