Mama aliomba ujasiri wa kupunguza biashara, si wa kuongeza

Ukisikiliza maombi ya biashara kanisani, mengi yanaelekea upande mmoja: kuongezewa. Mtu anaombea tawi la pili, gari la kwanza, fremu ya tatu. Ni mara chache utamsikia muumini akiomba nguvu ya kupunguza. Mama yangu aliomba hivyo, na alichopunguza ndicho kilichokuwa kinaingiza fedha nyingi kuliko vyote.

Nyumbani ni Kibingo, wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huku ni nchi ya migomba, maharage na kahawa ya robusta. Fedha haiji kila mwezi kama mshahara. Inakuja kwa msimu, kuanzia Mei kahawa inapoiva, na Januari shule zinapofunguliwa wengi wameshabaki mikono mitupu. Ndiyo maana mfanyabiashara wa kijijini hupenda kushika vitu vingi, ili kimoja kikilala kingine kiamke.

Mama alishika vitano: duka la vyakula, uwakala wa fedha kwa simu, viti na maturubai ya kukodisha kwenye sherehe na misiba, bodaboda mbili zilizoendeshwa na vijana kwa hesabu ya siku, na kahawa.

Kahawa aliipata kwa njia ambayo watu wa Kagera wanaijua kwa jina moja: butura. Mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa anapewa fedha mapema, kahawa ikiwa bado ni maua au punje mbichi mtini, kwa bei ya kutupa. Mavuno yakifika, kahawa si yake tena. Tuseme Januari amechukua Sh100,000 kwa kahawa ambayo Julai ingempa Sh250,000. Ile Sh150,000 inabaki kwa mwenye fedha.

Serikali imeipiga marufuku butura kwa miaka mingi, na mwaka 2018 ikaelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika. Lakini butura hufanyika sebuleni, kwa maneno na daftari, kwa hiyo tangazo pekee haliimalizi.

Sisemi kwamba kila anayetoa butura ni katili. Mtoto akizidiwa usiku wa manane, mlango unaogongwa si wa benki. Ni wa jirani mwenye duka. Mama aliwasaidia watu kufika hospitali kwa fedha hizo, na walimshukuru kwa dhati. Tatizo ni kwamba aliyeuza kahawa yake ikiwa maua huifikia Januari inayofuata akiwa na shida kubwa zaidi, na anarudi tena.

Daftari na kwaya

Mama ni Mlutheri wa Dayosisi ya Karagwe, na ni mwanakwaya. Wakati wa sadaka ya mavuno, watu huleta ndizi, maharage, kuku na kahawa, kisha vitu vinanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mama aliniambia kuwa miaka ile alianza kuona vibaya siku hiyo. Baadhi ya wanawake waliosimama naye kwenye kwaya hawakuwa na kahawa ya kuleta, na majina yao yalikuwa kwenye daftari lake.

Hakuna aliyemsema. Hilo ndilo lililomsumbua. Waliendelea kumwita dada katika Bwana, na Julai aliendelea kupeleka vijana na magunia kwenye mashamba yao.

Mwaka 2021 alipimwa zahanati na kukutwa na presha. Kipimo kilikuwa juu sana ya 140/90, kiwango ambacho kikiendelea kuonekana kwa zaidi ya siku moja wataalamu hukiita shinikizo la juu la damu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana tatizo hilo, na karibu nusu yao hawajui. Mama sasa alikuwa anajua, lakini hilo halikutosha.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na sitasema biashara ndiyo iliyompa presha. Umri, chumvi, uzito na historia ya familia vyote vina sehemu. Ninachoweza kusema ni kwamba biashara tano zilimnyima nafasi ya kujitunza. Siku ya kliniki iligongana na siku ya mnada. Dawa zilikwisha akiwa anasubiri hesabu ya bodaboda. Alilala saa nne au tano kwa usiku, simu ya uwakala ikiwa chini ya mto.

Gideoni na mgomba

Alikwenda kuzungumza na mwinjilisti wa mtaa wetu. Mwinjilisti hakumhubiria. Alimwambia akasome habari za Gideoni katika kitabu cha Waamuzi, kisha warudi waongee.

Wengi tunaikumbuka hadithi hiyo kwa ushindi wake. Mama aliikumbuka kwa hesabu. Gideoni alikuwa na watu 32,000. Waliokuwa na hofu wakaruhusiwa kurudi nyumbani, wakaondoka 22,000. Wakabaki 10,000, nao wakapunguzwa tena hadi 300. Kupungua kote huko kulitokea kabla ya vita, adui akiwa bado yuko mbele yao. Mama alisema hapo ndipo alipoelewa kwamba imani inahitajika zaidi unapoachia kitu kuliko unapokipokea.

Tena kwetu si jambo geni. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika mpaka Karagwe na Bukoba. Waliookoka, walokole, walijulikana kwa kutubu hadharani, kuacha pombe, na kurudisha walichokipata kwa hila. Kwa walokole wa zamani, wokovu ulionekana pia kwenye mizani na kwenye deni, si kwenye nyimbo pekee.

Baba hakukubali haraka, na alikuwa na sababu. Mdogo wangu alikuwa shule binafsi ya bweni, na ada ilitoka kwenye kahawa. Baba aliuliza: je, Mungu ndiye atakayekwenda kulipa shuleni?

Mama alimjibu kwa lugha ya shamba. "Mzee wangu, kwenye kibanja unaacha mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine unayang'oa yakiwa na afya kabisa, kwa sababu ukiyaacha yote hupati mkungu wa maana. Mbona dukani tumeacha yote?"

Baba hakujibu siku hiyo. Ilichukua wiki kadhaa.

Gharama yake

Januari 2022 mama hakutoa butura mpya. Waliokuwa wamechukua fedha kabla ya hapo aliwaambia wapeleke kahawa yao kwenye chama cha msingi, wauze kwa jina lao, kisha wamrudishie kiasi kilekile walichochukua. Wengi walirudisha. Wawili hawajarudisha mpaka leo, na ameshawafuta kwenye daftari.

Bodaboda aliwauzia vijana waliokuwa wakiziendesha, wakalipa kidogo kidogo. Viti na maturubai vilinunuliwa na kikundi cha wanawake. Uwakala aliufunga mwisho. Limebaki duka la vyakula pamoja na shamba letu, na Jumapili duka halifunguliwi.

Mdogo wangu alihamia sekondari ya kata, ambako kidato cha kwanza hadi cha nne hakuna ada tangu mwaka 2016. Hakufurahi. Alipoteza marafiki, na kwa muda mrefu alimjibu mama kwa neno moja moja. Wapo jamaa waliosema tumefilisika. Wapo waliosema mama amerogwa.

Wala sina muujiza wa kusimulia. Duka halikukua mara mbili. Julai na Agosti kipato ni kidogo kuliko zamani. Kilichobadilika ni kwamba anajua anachodaiwa na anachodai bila kufungua madaftari matano. Anahudhuria kliniki kila mwezi. Presha yake imeshuka, na bado anameza dawa kila siku, kwa sababu kumwamini Mungu hakufuti maelekezo ya daktari. Na kwenye kwaya, anasema, sasa anaweza kumtazama kila mtu usoni.

Kwako mzazi

Kama nawe unashika vingi na unahisi unazama, kuna mambo niliyojifunza kwa kumwangalia mama.

Andika kila biashara peke yake. Weka faida yake, deni lake, na saa inazokula. Biashara inayoonekana kubwa mara nyingi inaishi kwa mkopo wa kausha damu au kwa usingizi wako.

Kisha jiulize nani anaumia ili faida hiyo ipatikane. Swali hili ni la imani kuliko la hesabu, na ndilo gumu zaidi.

Ongea na mwenzako kabla ya kufunga chochote, na mpe muda wa kupinga. Watoto waambie mapema kitakachobadilika, hasa kama ni shule. Mama anasema hapo ndipo angependa familia nyingine zianzie: mtoto akisikia sababu kutoka kwa mzazi, haitafuti kwa majirani.

Punguza hatua kwa hatua, ukianza na yenye deni au yenye kuumiza watu. Usiuze vyote kwa wiki moja kwa sababu umeguswa na mahubiri.

Na ukipiga magoti kuombea biashara yako leo jioni, si vibaya kuomba ikue. Ila omba pia uonyeshwe ipi ifungwe, na upewe nguvu ya kuifunga ingali inalipa.