Reli ya Kusini: ipite tu, au na isimame?



Juma hili tumeombwa na waamini kadhaa tuseme neno juu ya jambo linalozungumzwa sana hapa Ruhuwiko, nalo ni reli inayokusudiwa kujengwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwa kupitia Songea. Limezungumzwa uwanjani baada ya Misa, limezungumzwa katika jumuiya ndogondogo, limezungumzwa hata msibani. Sisi si wahandisi wala wanasiasa. Hata hivyo, jambo linalogusa shamba la mtu, barabara anayoivuka mtoto wake na bei ya gunia lake la mahindi haliwezi kuachiwa wahandisi na wanasiasa peke yao.

Tuanze na yale yanayojulikana. Reli hiyo inakadiriwa kuwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,000, pamoja na matawi yake ya kwenda Mchuchuma na Liganga wilayani Ludewa, kwenye makaa ya mawe na chuma. Upembuzi yakinifu ulikwisha kufanyika, na kwa miaka kadhaa Serikali imekuwa ikieleza kwamba inakusudia kuijenga kwa ubia na sekta binafsi. Tunapoandika haya, hakuna tuta lililoinuliwa hapa kwetu. Kilichopo ni maneno, na maneno yamewagawa watu.

Ndoto yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walichunguza njia ya reli ya kusini, kutoka pwani ya Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa. Haikujengwa. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vikalipuka, mashamba na maghala yakachomwa, njaa ikafuata, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni wakanyongwa hapa Songea. Reli waliyoikamilisha wakoloni hao ilikuwa ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Wakaja Waingereza na mpango wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kwenda huko. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli ilibaki ikitafuta kazi. Mwaka 1958 tawi lake likafika Masasi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Wazee wa Masasi na Nachingwea waliwahi kusikia honi ya treni. Wazee wetu wa Songea hawakuisikia kamwe, isipokuwa waliosafiri. Reli iliyo karibu nasi ni TAZARA, nayo iko Makambako, mwendo wa kilomita zipatazo 300.

Kwa hiyo mzee mmoja wa jumuiya yetu anaposema, "Padre, hiyo reli nitaipandia mbinguni," hatumkemei. Ana sababu zake. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili limerithiwa na wajukuu.

Sasa tusikilize pande zinazobishana, maana kila upande una hoja yenye uzito.

Upande wa kwanza unataka reli ijengwe, na ijengwe mapema. Hoja yao inapita mbele ya macho yetu kila siku. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, husafirishwa kwa malori. Tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kianze uzalishaji Mtwara mwishoni mwa mwaka 2015, na hasa tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vipandishe mahitaji ya makaa duniani, malori hayo yameongezeka mno. Yanatoka Mbinga, yanapita kwetu, yanaingia Songea mjini, kisha Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi bandarini, safari ya zaidi ya kilomita 600. Lami ya Namtumbo hadi Tunduru, tuliyoisubiri kwa miaka na kuipata katika miaka ya 2010, sasa inabeba mzigo ambao wengi wetu hatukuuwaza tulipokuwa tukiiombea.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme lori moja linabeba tani 30, na treni moja ina mabehewa 30 yenye tani 60 kila moja. Treni hiyo imebeba tani 1,800, yaani mzigo wa malori 60. Kila treni moja ingeondoa malori 60 katika barabara wanayoivuka watoto wetu waendapo shule. Mzazi anayesimama kando ya barabara asubuhi, ameshika mkono wa mtoto wa darasa la kwanza huku akingoja msururu upite, hahitaji kusomewa ripoti yoyote ndipo aielewe hesabu hii.

Wenzao wanaongeza habari ya mazao. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha taifa kwa mahindi. Kahawa inatoka Mbinga, korosho Tunduru. Mkulima wa huku huuza kwa bei ya chini si kwa sababu mahindi yake ni mabaya, bali kwa sababu yapo mbali. Anayenunua hutoa kwanza nauli ya lori, na kinachobaki ndicho humfikia mkulima. Umbali ni kodi asiyoipitisha mbunge yeyote, na huilipa kila anayelima.

Upande wa pili hauikatai reli; unauliza ni ya nani. Wanasema: reli hii inachorwa kwa ajili ya makaa na chuma. Mwekezaji atakayeweka fedha zake atataka mzigo wa uhakika, wa tani nyingi, unaopakiwa mahali pamoja na kushushwa mahali pamoja. Kwa nini asimamishe treni yake katika kituo kidogo amchukue mama mwenye magunia kumi ya mahindi na kuku wawili? Kusimama ni gharama. Wasipokuwapo wa kumlazimisha, atapita, nasi tutabaki tukipungia mkono mabehewa ya makaa kama tunavyoyapungia malori leo. Tena makaa yakikosa soko, au chuma cha Liganga kikikawia tena, reli itakuwa na kazi gani? Reli ya Nachingwea iliegemezwa juu ya zao moja, na zao lile lilipoanguka haikuweza kusimama muda mrefu.

Hofu nyingine ni ya ardhi. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno hayo ni mazuri. Lakini ndugu zetu wa Ludewa, walio katika maeneo ya Mchuchuma na Liganga, walisubiri fidia kwa miaka mingi hadi malipo yalipoanza mwaka 2023. Aliyekwisha kuambiwa kwamba shamba lake litatwaliwa hapandi migomba, hapandi kahawa, hajengi chumba cha pili kwa ajili ya mwanawe anayeoa. Si mwenye shamba tena, wala hajawa mwenye fedha. Kati ya hayo mawili maisha yake yanapita, na hakuna fomu ya tathmini yenye safu ya kuandika miaka iliyopotea.

Kuna na sauti ya tatu, ambayo katika mikutano haipewi kipaza sauti. Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula kando ya barabara alituambia kwa upole, "Padre, nyie mnayalalamikia malori, mimi yamenisomeshea watoto." Anayepika ugali na maharage, kijana anayeziba pancha, mwenye nyumba ya kulala wageni, wote wanakula kwa yale yanayosimama. Lori husimama popote. Treni husimama palipoandikwa. Ikija reli, fedha zilizokuwa zikidondoka kidogo kidogo njia nzima zitakusanyika mahali pachache, na asiyekuwapo pale atazikosa. Mama huyu haiombei nchi mabaya. Anauliza tu kama katika mahesabu makubwa naye amehesabiwa.

Wapendwa, tukitazama wenzetu tunapata la kujifunza. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Benki ya Dunia waliona kwamba reli ya kuunganisha Zambia na Dar es Salaam isingelipa. Serikali za Tanzania na Zambia zikaijenga kwa mkopo wa China, kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860. Ilijengwa kwa sababu ya uhuru wa jirani, si kwa faida ya mahesabu, na ilitimiza kazi hiyo. Vijiji vya Bonde la Kilombero vilipata treni ya abiria na ya mazao. Baadaye vichwa vya treni vikapungua, njia ikachakaa, na mzigo ukahamia barabarani. Kujenga kulihitaji ujasiri. Kutunza kulihitaji bajeti ya kila mwaka, nayo haina sherehe wala utepe wa kukata.

Addis Ababa nako walizindua tramu ya umeme mwaka 2015, njia mbili zenye jumla ya kilomita 34 hivi, na Afrika nzima ikawasifu. Miaka michache baadaye magari yake mengi yalikuwa yamesimama kwa kukosa vipuri. Kwa upande mwingine, Dar es Salaam mwaka 2012 walianzisha treni ya mjini wakitumia njia za zamani zilizokuwapo, ile ambayo watu waliiita "treni ya Mwakyembe". Haikuwa ya kisasa, lakini ilisimama vituoni na maelfu wakaipanda. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro na kisha Dodoma, Watanzania waliona kwamba ndoto ya miaka mingi inaweza kutembea. Hatusemi basi kwamba yetu haiwezekani.

Baada ya kusikiliza pande zote, sisi tunasimama wapi? Tunaitaka reli. Tunaitaka kwa ajili ya mtoto anayevuka barabara na mkulima anayelipia umbali. Lakini tunadhani swali la "ijengwe au isijengwe" ni dogo kuliko lile linalolifuata, na wakati wa kulijibu ni sasa, kabla mkataba haujatiwa sahihi. Baada ya sahihi, kituo kisichokuwamo katika karatasi hakitakuwamo ardhini.

Kwa hiyo tunashauri mambo ambayo kila mmoja anaweza kuyasema katika mkutano wa mtaa, mbele ya diwani wake na mbunge wake. Kwanza, mkataba utaje vituo vya abiria na mazao, vyenye maghala, na utaje treni itasimama mara ngapi kwa juma. Pili, tathmini ya ardhi isifanyike mpaka fedha za kulipa zimekwisha kutengwa, ili pasiwe na mtu wa kuning'inizwa kwa miaka. Tatu, sehemu ya mapato ya makaa iwekwe tangu siku ya kwanza kwa ajili ya matengenezo. Nne, wanaoishi kwa barabara waelezwe mapema vituo vitakuwa wapi, wapewe nafasi ya kwanza ya kufanya biashara pale. Na tano, reli isiwe kisingizio cha kuisahau barabara leo: matuta, alama na njia za waenda kwa miguu mbele ya shule haviwezi kungoja mwekezaji.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanaita jambo hili manufaa ya wote, na neno zito humo ni "wote". Mizani yake haipimi jumla ya tani peke yake. Inamtafuta pia aliyeachwa nje ya jumla ile. Tani 1,800 zikifika bandarini ni habari njema. Mama mwenye magunia kumi akifika sokoni ni habari njema pia, na hakuna sababu ya kuzifanya habari hizo mbili ziwe maadui.

Tunawasihi basi msiliache jambo hili liwe la kubishania tu na kucheka. Mkutano wa mtaa unapoitwa, nendeni. Ulizeni kwa heshima, na mkijibiwa andikeni majibu. Wazee wetu waliikosa reli bila kuulizwa. Sisi tukiipata au tukiikosa, isiwe kwa sababu tulinyamaza.

Tunawatakia juma lenye amani, na madereva wote wanaopita kwetu usiku na mchana wafike salama.