Dirisha la Kamba na Maneno ya Baharini

Wazazi wenzangu, kama unakaa Berea katika nyumba ya zamani, leo ukirudi lisogelee dirisha lako ulitazame vizuri. Sisemi yale ya aluminiamu. Nasema yale ya mbao yenye fremu mbili za kioo, moja juu na moja chini, zinazopanda na kushuka badala ya kufunguka kwa bawaba kama madirisha tuliyokulia. Tazama juu, kwenye mbao za pembeni, kulia na kushoto. Utaona kigurudumu kimepachikwa ndani ya mbao, na kamba imepita juu yake ikapotelea ndani. Au utaona kigurudumu peke yake, kamba haipo siku nyingi, na fremu ya chini imeegemezwa kwa fimbo.

Kwetu ilikuwa fimbo. Tumepanga chini katika nyumba iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na madirisha yake manne yote ni ya aina hiyo. Mwezi wa pili, katika lile joto letu la Durban la kunata mwilini, mwanangu mdogo aliichomoa fimbo kwa kuchezea na fremu ikashuka kama shoka. Alhamdulillahi, vidole vilikuwa vimeshatoka. Mwenye nyumba alipopigiwa simu alisema madirisha yapigiliwe misumari yasifunguke, akijaliwa pesa ataweka ya aluminiamu.

Yote mawili sikuyataka. Dirisha la namna hii, likiwa zima, linafanya kazi ambayo feni haiiwezi: unashusha fremu ya juu kidogo na kupandisha ya chini kidogo, hewa ya moto inatokea juu na upepo wa bahari unaingia chini. Ukilipigilia misumari umejifungia ndani ya chungu. Na hilo la aluminiamu si la kuamua kwa simu tu. Sheria ya urithi ya nchi hii, namba 25 ya mwaka 1999, inalinda jengo lililopita umri wa miaka 60, na kulibadilisha kunahitaji kibali cha mamlaka ya urithi ya mkoa, ambayo kwetu KwaZulu-Natal ni Amafa. Nilipomkumbusha mwenye nyumba hivyo kwa upole, alinijibu kwamba basi nitengeneze mwenyewe. Nikatengeneza, na binti yangu wa miaka kumi akawa saidia fundi.

Ndani ya fremu ya ukuta, kila upande, kuna uwazi kama sanduku refu. Humo kinaning'inia chuma kizito cha mviringo, kirefu kama mkono wa mtoto. Kamba imefungwa kwenye chuma hicho, inapanda, inapita juu ya kigurudumu, inashuka na kupigiliwa ubavuni mwa fremu ya kioo. Vyuma viwili, kulia na kushoto, vinalingana uzito na fremu yenyewe, ndiyo maana mtoto anaweza kuipandisha kwa vidole viwili na ikabaki palepale ilipoachwa. Kamba ikikatika, mizani imekufa. Hakuna kilichoharibika zaidi ya hapo. Mbao zetu ni nzima, vioo ni vizima, na mtu alitaka kuvitupa vyote kwa ajili ya mita chache za kamba ya pamba.

Nilianza kumweleza binti yangu nikakwama. Kamba ni kamba, sawa, lakini vingine? Yeye akawa anavitaja kwa Kiingereza, na dirisha lenyewe akaliita ifasitela kama wanavyosema wenzake wa Kizulu shuleni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba baba yangu amekula ujana wake kwenye majahazi ya Tanga, na kwamba kitu hiki ukutani, kamba inayopita juu ya gurudumu na uzito upande wa pili, ni kazi aliyoifanya kila siku ya Mungu alipotweka tanga.

Ni lazima niseme ukweli kuhusu simu zetu na Tanga, na nadhani wengi wenu mnazijua. Shikamoo babu. Marahaba, hujambo? Sijambo. Shule vipi? Nzuri. Haya, mpe mama yako. Mazungumzo ya nusu dakika, miaka mitano. Si kwamba hawapendani. Hawakuwa na kitu cha kuzungumzia, na Kiswahili cha salamu peke yake hakifiki mbali.

Safari hii nilimwambia amrekodie babu ujumbe wa sauti amweleze kazi tunayoifanya. Aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kigurudumu cha kupitishia kamba kinaitwaje. Majibu yalirudi kabla hatujamaliza kunywa chai, ujumbe wa dakika nne. Chote kwa pamoja, kile kikasha na gurudumu lake, ni kapi. Gurudumu lenyewe linalozunguka ndani ni roda. Lile kapi linalofungwa kwenye kamba nene ya kupandishia foromali linaitwa gofia, na kamba nene ndiyo henza, na kamba inayozunguka ndani ya gofia ndiyo jarari. Chuma cha kuning'iniza, kama kile cha mshipi wa kuvulia au cha timazi la mwashi, ni chubwi. Mwisho akauliza: «Na hilo kapi lenu lisilo na mlingoti limefuata nini ukutani?» Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Kwanza unakata rangi kwa kisu kwenye ungio la ule ubao mwembamba wa ndani unaoizuia fremu, kisha unaubandua kwa patasi pana ukianzia katikati, mahali unapoweza kupinda bila kuvunjika. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, kwa hiyo usizipige msasa zikiwa kavu. Zilowanishe, fagia kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali mpaka umalize hatua hiyo. Mimi binti nilimwita baada ya hapo. Kamba nzima iliyobaki ishike vizuri kabla ya kuikata, la sivyo chubwi litaanguka ndani kwa kishindo. Fremu inatolewa kuelekea ndani ya chumba. Chini, kwenye ubao wa pembeni, kuna kijimlango kilichojificha chini ya rangi. Ukikibandua unaliona chubwi limelala na vumbi la miaka mia.

Roda zetu zilikuwa za shaba nyeupe kwa ukoko. Hewa ya chumvi hapa mtelemkoni Berea hula chuma, lakini shaba huivumilia: tulizisugua, tukatia tone la mafuta kwenye ekseli, zikazunguka. Fremu tuliipima kwa mizani ya bafuni, mimi kwanza peke yangu, kisha mimi nikiwa nimeibeba. Kilo 11. Fremu ya chini hupendelea machubwi mepesi kidogo kuliko yenyewe ili ikae imefungwa, ya juu hupendelea mazito kidogo ili isishuke. Hili la uzito angalia sana kama kioo kiliwahi kubadilishwa: kila milimita moja ya unene huongeza kilo mbili na nusu kwa kila mita moja ya mraba, na dirisha lililotiwa kioo kinene bila kuongezewa chuma ndilo linalokata kamba na kuangukia watu.

Kupitisha kamba mpya lilikuwa fungu la binti yangu, maana vidole vyake ni vyembamba. Alifunga msumari mdogo uliopindwa kwenye uzi, akausukuma juu ya roda, ukashuka ndani ya sanduku, akaudaka kwenye kijimlango, kisha uzi ukaivuta kamba nyuma yake. Aliupa msumari ule jina: chubwi mtoto. Kamba ikafungwa kwenye chubwi kubwa, tukalivuta mpaka likaribie roda huku fremu ikiwa chini kabisa, kamba ikapigiliwa kwenye mfereji wa ubavuni. Misumari usiiweke karibu na kichwa cha fremu, kwa sababu fremu ikipanda juu kamba lazima iwe huru kufika kwenye roda. Na kamba usiipake rangi kamwe. Rangi huikausha ikawa kijiti, ndipo inapokatika.

Babu naye alikuwa na lake la kuongeza. Kamba, alisema, huliwa pale inapokaa juu ya roda. Chomboni huigeuza, mwisho ukawa mwanzo, kabla haijakatika. Na mbili zilizofungwa siku moja zinakufa pamoja, ukiona moja imekwenda usiiamini nyenzake. Tulibadilisha zote.

Siku hizi simu zao zinachukua muda. Wiki iliyopita alimuuliza dirisha likipandishwa anaona nini. Bandari, akasema, na ng'ambo yake mlima wa Bluff. Nikaichukua simu nikamweleza babu kuhusu watu walioteremshwa hapa kuanzia mwaka 1873, watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Waingereza, wengi wao Wamakua, wakaitwa Wazanzibari, wakajenga maisha yao huko Bluff, King's Rest, mpaka walipohamishiwa Chatsworth miaka ya 1960 kwa sheria ya kutenga makazi kwa rangi. Akanyamaza kidogo. Kisha akataka kuongea tena na mjukuu wake, amuulize kama upepo wa huko ni wa kusi au wa kaskazi.

Fremu za chini za madirisha mawili ya mbele sasa zinapanda kwa vidole. Za juu bado zimegandamana na rangi, nazo ni kazi ya Jumamosi ijayo baada ya darasa. Mita tisa za kamba ya pamba ya milimita 6 zimebaki, na kipande cha mita mbili tutakileta shuleni pamoja na roda moja iliyochakaa, watoto waishike.