Samli ya Harusi Kutoka Mlimani

Sisi ni mawifi wawili, mmoja kaolewa huku akitokea Unguja, mwingine kazaliwa hapa hapa Moshi. Tunashona magauni ya harusi na tunatengeneza samli ya kuuza. Watu hutuuliza cherehani na samli vinakutana wapi. Vinakutana kwa bibi harusi: yeye akipimwa gauni, mama yake anaulizia samli ya biriani.

Maziwa tunayachukua Machame, kwa akina mama wanaofuga ng'ombe wawili watatu bandani na kuwakatia majani. Kule Nronga wanawake wana ushirika wao wa maziwa tangu miaka ya 1980. Mlimani siagi huwekwa kwenye mtori, ndizi na nyama zilizopondwa, akapewa mzazi. Unguja mzazi hupewa uji wa pilipili manga, nao una samli. Wakwe ni wale wale, pwani na bara!

Maziwa yakishaganda tunayasukasuka kwenye kibuyu hadi siagi ijikusanye, kisha tunaiosha kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Halafu sufuria nzito na moto mdogo wa mkaa. Hapo usiende kupokea simu. Siagi ina maji kama asilimia 16, na lazima yote yaishe. Itachemka kwa kelele na povu. Kelele ikinyamaza na mashapo ya chini yakawa hudhurungi, ipua upesi. Tunachuja kwa bafta nyeupe iliyofuliwa (vipande hatukosi, sisi ni mafundi) na kuitia kwenye chupa kavu kabisa. Hiliki ukipenda. Isiingie kijiko chenye maji, nayo itakaa miezi bila friji.

Kilo 1 ya samli inakula lita 25 hadi 30 za maziwa. Ndiyo sababu ya bei yake, na ndiyo sababu wengine huichanganya na mafuta ya kupikia yanayoganda.

Mama mmoja alituagiza kilo 12 kwa walima wa watu 300. Alipopiga hesabu akasema, "Wanangu, nusu tieni mafuta, juu andikeni samli. Nani atajua?" Tulikuwa tunamkunjia binti yake pindo la gauni, pini mdomoni. Tukamwambia hatuwezi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono kwenye lundo la nafaka akakuta ndani kumelowa, na alichomwambia yule muuzaji juu ya udanganyifu tunakijua sote. Mama akakasirika. Oda kubwa kama ile hatukuwa nayo nyingine, na karo za watoto zilikuwa zinasubiri.

Tukamkumbusha pia walima wa Bibi Safiyya (r.a.). Haukuwa na mkate wala nyama. Ulikuwa tende, maziwa makavu na samli, Mtume mwenyewe akiwa bwana harusi. Binti akageuka, pindo likatuponyoka. "Mama, kwani nani kasema lazima kila kitu kiwe cha samli?"

Wakachukua kilo 4. Kilo 8 zikabaki mikononi mwetu, tukaziuza kidogo kidogo hadi mwezi wa pili. Mama hakutusalimia mpaka siku ya harusi, na siku hiyo alitusalimia kwa mbali.

Mpishi alifanya hivi, nasi tunawashauri maharusi wenye bajeti ndogo wafanye vivyo hivyo: vitunguu na masala ya biriani alikaanga kwa mafuta ya kawaida. Samli aliiweka mwisho, wali ukishaiva, akaimwagia juu na zafarani, akafunika na kupalia makaa kwenye kifuniko. Harufu ilifika hadi kwa wanaume nje. Kwa kilo 1 ya mchele, vijiko vikubwa 3 vinatosha.